Kamusi Yako Nimeiondoa

Shoga yangu Mwanaisha,

Leo nimeiondoa kamusi yako kwenye kompyuta za skuli. Nnakwambia mwenyewe, usije ukasema nimekuficha.

Tangu ututoke, chumba chetu cha Mpendae ni kile kile, ila meza yako wameijaza waya. Kila asubuhi nnawasha, nnakaa, na lile jaribio ulilolitunga linaanza lenyewe: linachukua programu moja moja, linaiweka kwenye Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta za skuli, linaifungua, linaiondoa, halafu linatafuta kama imeacha uchafu. Mie kazi yangu kutazama tu. Zamani tukitazama wawili, wewe unamung'unya ubuyu na kunisuta: "Kompyuta haina haya, itakwambia kweli. Muoga ni weye."

Ulisema kweli. Tulipopata mfumo mpya, kamusi yako ikagoma kufunguka. Jaribio likatoa maandishi mekundu, na kesho yake mekundu tena. Ningefanyaje? Uliiandika peke yako, mie hata pa kuanzia sipajui. Nikaliambia jaribio liiruke. Orodha yote ikawa kijani, kamusi ikabaki skuli vile vile mbovu, nami nikawa nnaliona jina lako pale kila siku, roho inatulia.

Juzi mwalimu mmoja wa Kizimkazi kanipigia simu. Watoto wanabonyeza kamusi, haifunguki, wanadhani wao ndio walioiharibu. Mmoja kalia, masikini. Lo, niliona haya, Mwanaisha! Wewe usingekubali hata siku moja.

Basi leo nimeliambia jaribio lisiruke kitu tena, nikaamuru kamusi iondolewe. Likaiondoa, likapekua kila pembe, kisha likaandika yale maneno uliyoyatia kwa mbwembwe zako: "Hakuna kilichosalia, bibi."

Nikalijibu kwa sauti, na chumbani nimo peke yangu: "Muongo mkubwa wewe!" Nikalia mpaka nikachoka.

Ntajifunza kuiandika upya, shoga, hata ikinichukua miaka. Na mekundu sitoyaficha tena. Siku itakayofunguka, jina lako litatangulia, langu litafuata nyuma.

Mungu akupe kauli thabiti. Nna hamu nawe, wallahi, na hapa sina wa kumwambia.

Shoga yako,
Salma