Maneno Yenye Koti na Tai

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako, zijae chumbani mwako hadi ukose pa kukaa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila magoti, na magoti ni ya umri. Shangazi yako anakusalimu. Bado anabishana na redio, na redio bado inamshinda. Kaka yako anakusalimu. Macho yanamwasha kwa kazi yake ya kuchomelea mageti, na nikimwambia avae miwani anasema inamfanya afanane na chura. Mkewe anakusalimu, na mtoto wao ameota meno mawili ya chini, anayajaribu kwenye vidole vya watu. Jirani yetu mshona viatu amesisitiza nisimsahau. Paka yupo.

Utaona sijamtaja baba yako. Sijasahau.

Kila ukipiga simu ukamuulizia, nimekuwa nikikuambia amelala, au ameenda kunyolewa. Mwanangu, hakuna mtu anayenyolewa kiasi hicho. Baba yako alianguka bafuni, muda mfupi baada ya wewe kututumia picha za chumba chako kipya. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelegea, lakini anakula, anaketi kitandani, ananyooshwa viungo. Nilitaka apate nafuu kwanza ndipo nikwambie, maana nakujua, ungeacha masomo ukaja mbio. Na kwa simu nisingeweza. Ningelia, nawe ungesikia kilio bila kusikia habari.

Kilichotushinda si mkono wala mguu, ni maneno. Kiswahili chote kimemtoka baba yako, kimebaki Kiingereza peke yake. Daktari alisema hutokea, kwamba ugonjwa unaweza kufunga chumba kimoja cha kichwa ukaacha kingine wazi. Nikamwambia basi daktari, ugonjwa umefunga kile nilimokuwa nakaa mimi.

Unajua maisha yake yote ya kazi alikuwa mkalimani wa mahakama, mdomo wake ndio uliotulisha. Na shule yangu unaijua, niliishia darasa la tatu. Kaka yako naye Kiingereza chake ni cha kusoma makopo ya rangi. Mwanzoni tulimwita mshona viatu, aliyewahi kufanya kazi kwa wageni, aje atutafsirie. Lakini akiingia mtu mwingine baba yako hushika kola ya pajama, hujinyoosha, na kunyamaza, kana kwamba hakimu ameingia. Ni mimi tu anayenisemesha, na mimi ndiye nisiyesikia kitu.

Basi nikawa namwitikia. Neno "yes" nani asiyelijua. Akisema naitika "yes, yes" huku natabasamu, nikidhani mgonjwa akiitikiwa moyo wake unatulia. Asubuhi nikimletea uji alikuwa na swali moja, lile lile, analiuliza taratibu na kwa heshima. Nami "yes, yes". Akishasikia anageukia ukuta, machozi yanamtiririka. Nilidhani uji ni wa moto. Nikawa naupuliza zaidi.

Ndipo nikajiandikisha darasa la watu wazima, pale ukumbini nyuma ya maktaba, shangazi yako akibaki na mgonjwa. Niko na dereva wa teksi, msusi mmoja mcheshi, na mlinzi wa benki anayesinzia macho yakiwa wazi. Mwalimu ni binti wa rika lako, sketi yake haikosi chaki. Alituanzisha na vitenzi vya kusema na kuelewa. Siku za kwanza nilirudi nyumbani na "tell" na "speak" na "understand", nimejaa kama mtu aliyetoka sokoni. Nikakaa kitandani nikamsikiliza baba yako. Hakutumia hata kimoja. Baba yako hasemi kama watu, anasema kama mahakama. Kwake mtu haambiwi, anaarifiwa.

Nikamrudia mwalimu, nikamweleza kwamba nayataka yale mengine, ndugu zao. Akacheka, akajaza ubao. Mtu anayemwambia mwenzake anaweza kuwa ana-"tell", au "inform", au "notify". Anayeelewa, "understand", "grasp", "comprehend". Mlinzi akazinduka akauliza kwa nini watu wateswe na maneno matatu kwa kazi moja. Mwalimu akamuuliza kwani yeye kwao husema, hunena, au hubwabwaja. Dereva akamjibia kwamba huyo hubwabwaja tu. Tulicheka, mwanangu, na mimi nilikuwa sijacheka kitambo. Mwalimu akasema maneno haya ni watoto wa tumbo moja, sura zinafanana, lakini huwezi kumtuma huyu kazi ya yule. Mimi wameniita Mheshimiwa, eti maneno ninayoyataka yote yamevaa koti na tai.

Kidogo kidogo lile swali la asubuhi nikalikamata kwa mwanzo wake. "Inform me." Niarifu. Yaliyofuata sikuyajua. Nikayashika kwa sauti tu, nikayarudia njia nzima kama mtoto aliyetumwa chumvi, nikamkuta mwalimu kabla wenzangu hawajafika. Nikayatamka. Akaniomba niyarudie. Kisha akaweka chaki chini, akaketi kwenye benchi letu la wanafunzi, akaniuliza ni nani anayesema maneno hayo.

Mwanangu, baba yako alikuwa akiuliza kama mke wake amefariki. Na mimi kila asubuhi nilimjibu ndiyo, natabasamu, nimeshika bakuli.

Nilirudi nyumbani nimebeba jibu mdomoni. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hapana, yu hai, yuko hapa hapa, nikajigusa kifua. Alinitazama kwa makini, akanishukuru, akasema basi nimwarifu aje. Hilo nililielewa lote bila mwalimu. Nikatoka, nikavaa lile gauni la bluu alilolipenda, nikajipaka mafuta, nikaingia upya. Baba yako akashika kola yake, akajinyoosha, akanyamaza.

Sasa kila asubuhi ananiuliza kama nimemwarifu. Namjibu nimemwarifu, yuko njiani. Halii tena. Anamaliza uji wote, halafu anachungulia mlango.

Nikuombe jambo. Tulivyokutana tumewasimulia hadi mkachoka. Mimi nilikuwa shahidi wa baiskeli iliyoibwa, yeye akimfikishia hakimu maneno yangu, na tangu siku ile hadi alipougua hakuniita jina lingine ila Shahidi. Wewe umetoka na uso wangu wa siku zile. Shangazi yako husema nilikuzaa peke yangu. Nadhani ni yule anayemngoja, si huyu bibi wa magoti. Na daktari amenionya kwamba pigo jingine likija hatalihimili.

Njoo, mama. Ukiingia akakuita Shahidi, usimsahihishe. Itika. Ongea naye Kiingereza chake, muda wote atakaotaka. Mimi nitakaa kwenye kiti cha mlangoni na mtoto mapajani, wala usijiulize najisikiaje. Atakachomwambia mkewe, sasa nitakielewa.

Shangazi yako ananigongea nimalize, taa ya jikoni anaitaka yeye. Kaka yako atakuja kukupokea, na miwani nitamvisha kwa nguvu. Usilete zawadi, jilete wewe. Nijibu upesi, hata kwa neno moja, nijue siku gani unafika, ili asubuhi akiniuliza nisiwe ninamdanganya.

Ni mimi, mama yako.