Usiwanawishe Wageni wa Kamati

Mama mpendwa,

Natumai goti limepoa kiasi cha kukufikisha kanisani, na kwamba ndengu mmezivuna kabla hazijapasukia shambani. Huku Nairobi mwili wangu ni mzima. Usingizi ndio umenikataa.

Nakuandikia kwa sababu simu yako huipokea kwa kipaza sauti katikati ya soko la Ishiara, na haya si ya soko. Barua nimempa binamu anayekuja nyumbani. Isome, kisha uichome. Mimi ni karani tu wa Bunge. Sina ruhusa ya kuwafundisha wananchi la kufanya mbele ya kamati zake.

Juma lililopita nilikuwa nimeketi nyuma ukumbini mbunge wetu alipomuuliza waziri kwa nini kisima cha kijiji chetu hakitoi maji. Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, kisima hicho kinafanya kazi. Wananchi wanakunywa maji."

"Apelekwe akayanywe!" mtu akapaza sauti, wakacheka. Pampu ya kisima kile ilikufa mara tu baada ya kuzinduliwa, na mdogo wangu Marigu anateka maji katika mto Thuci, pale pale mamba alipomrarua mguu binti wa jirani.

Ikaamuliwa kamati ya Bunge ije huko kujionea. Nilifurahi, Mama, hadi uliponipigia.

"Wageni kutoka Bungeni, Igoki! Nitawanawisha na nini, mate?"

Ukasema kina mama wa kikundi chenu watatoka na mitungi mtoni, wajaze tangi letu, wageni wafunguliwe mfereji wanawe kama watu. Nilipokukataza ukaniambia, "Masomo yamekutoa adabu. Mgeni haonyeshwi njaa ya nyumba."

Najua. Ndivyo ulivyonilea, tulilala na uji mwepesi siku mhubiri alipokula kuku wetu. Lakini nimewahi kuandamana na wajumbe kama hawa. Hushuka garini, hunawa, huuliza, "Maji yapo?" huku mikono yao bado inadondosha maji. Kisha huandika kwamba yapo. Wakishaandika, swali limefungwa. Mbunge akilirudia ataambiwa kamati yenyewe ilinawa, na Marigu ataendelea kushuka mtoni. Simu ya huko ikilia, huiacha iite kwanza kabla sijaipokea. Hudhani leo ndiyo habari ya mamba.

Nakuomba, Mama. Tangi libaki kavu. Wakija na vumbi mikononi, wakae nalo. Mwenyekiti akiomba maji, mwambie, "Twende, mheshimiwa," umteremshe kwa miguu hadi ukingoni mwa mto. Najua macho yako utayaficha wapi kwa aibu. Yafiche, lakini usiwanawishe.

Nisalimie Baba, na umwambie akusaidie kuwatuliza kina mama wa kikundi. Shangazi wa kwaya nasikia ametenga mbuzi wa kuwachinjia wageni, amwache aishi. Nyanya aniombee, yeye huombea watu kwa majina yao.

Na Marigu, mwambie asiwe wa kwanza kufika majini. Arushe mawe, asubiri maji yatulie, atazame tena, ndipo ainame.

Ni mimi binti yako,
Igoki