Siku Mia Tatu Bila Ajali

Kalangalala, Geita
12 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama hamjambo, na mguu wako umepungua uvimbe. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu simu ya nyumbani mama huiweka spika, na haya ni ya sikio lako peke yako.

Mei Mosi, kama nilivyowaambia kwenye simu, nitaitwa jukwaani. Nimechaguliwa mfanyakazi hodari wa mtambo wetu wa kuchenjua dhahabu, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa usalama na tunatimiza siku mia tatu bila ajali. Baba, si kweli. Mwezi uliopita fundi wetu, Mwigulu, alisagwa vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mkanda wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Meneja akaniambia niandike kaumia nyumbani, kwa baiskeli. Nikaandika. Sasa Mwigulu anajilipia matibabu mwenyewe. Nifanyeje?

Mwanao,
Klara

Ushirombo
17 Aprili 2024

Mwanangu Klara, marahaba.

Huku wazima, ila kifua kinamsumbua mama kidogo. Mguu unanifikisha kanisani na kunirudisha.

Barua yako imechelewa. Jumapili nilishatoa sadaka ya shukrani, jogoo na debe la mpunga, na Padre akakutaja mbele ya waumini wote. Shangazi yako Philomena ameshashona gauni. Mimi nimechambua pamba kiwandani miaka thelathini na moja, hakuna aliyeniita jukwaani. Ukikataa cheti, vidole vya Mwigulu vitaota? Maji yakishamwagika hayazoleki. Pokea, kisha umsaidie kimyakimya.

Baba yako,
Eustace

Kalangalala
26 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Mama anaendeleaje na kifua?

Jana nilikwenda Nkome kumwona Mwigulu. Mkewe alitupikia ugali na dagaa, akanipongeza kwa moyo mweupe. Mwigulu alikula kwa mkono wa kushoto, mbele ya watoto wake, huku akiniomba radhi mimi mgeni. Heri angenitukana.

Leo nimemwambia meneja kwamba nabadilisha taarifa. Amesema nikithubutu, baada ya Mei Mosi nisirudi kazini. Nimeshaiandika, ipo mezani, sijaipeleka kwa mkaguzi wa migodi. Sikufichi, nakuogopa wewe kuliko meneja. Nijibu upesi.

Mwanao,
Klara

Ushirombo
3 Mei 2024

Klara mwanangu, hujambo? Mama kifua kimeachia.

Sikukujibu kwa sababu ya hasira. Mei Mosi nilipanda basi la alfajiri nikaja Geita bila kukuaga, nikakaa mstari wa mbele makusudi, ili ukiniona ushindwe kukataa. Waliita jina lako mara tatu. Watu wakaanza kugeuza shingo. Jirani yangu pale uwanjani akasema binti huyo kawashtaki wenzake kwa mkaguzi. Nilijifanya sikujui, nikarudi kwenye basi.

Njia nzima nilimwaza Valerian, jirani yetu asiye na mkono. Umekua ukisikia kwamba mashine ya pamba ilimkata kwa ulevi wake. Hakuwa amelewa. Mimi nilikuwa zamu naye, na mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba alikunywa. Mwezi uleule wakanifanya mnyapara. Miaka ishirini na miwili sasa ananisalimia kila asubuhi akidhani kwamba nilijaribu kumtetea.

Kazi ikiisha, rudi nyumbani, usione aibu. Wa kuona aibu ni mimi. Nikimaliza barua hii nakwenda kwa Valerian. Nimemwona amekaa nje.

Baba yako,
Eustace