Dirisha la Upande wa Mlima

Jumanne, 3 Juni

Baridi. Nimezoa majivu, nimekoroga uji, nimemtia mzee wangu dawa yake ya macho. Simu ikalia, akaiwahi yeye. Ikakatika. Basi nikajua ni Mama Subi, mkwe wetu wa Ipogolo kule Iringa. Akisikia sauti ya mzee anakata. Ndiyo desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, haongei naye, hapiti alipopita. Wanaita kutila. Mimi Mhehe, nimeishi nayo, ila kuizoea sijaizoea.

Nikampigia mwenyewe. Ana habari kubwa. Mwanawe Subi, yule wa Dar anayefanya kazi na watalii, anataka kutupandisha meli. Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela mpaka Mbamba Bay na kurudi. Mimi, mzee, Mama Subi na mumewe, mwanangu Ambokile. Analipa yeye. Anaiita kruzi.

Mimi maji niliyoyazoea ni ya kwenye ndoo. Nikasema hapana. Halafu nikamtazama mzee anapapasa meza kutafuta kikombe ambacho kiko mbele yake. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeota nyumba yetu hii ya hapa Ilomba imeng'oka inaelea. Kuku wako juu ya bati, wametulia. Nimeamka na furaha sijui ya nini.

Mzee amezaliwa kule ziwani, mbele ya Matema, chini ya milima, mahali gari halifiki. Alitoka kijana kuja kufanya kazi ya reli. Kurudi alirudi kwenye misiba tu, na kwenye misiba mtu hatazami milima. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka. Lini, hajui.

Kwa hiyo siyo matembezi. Aone kwao kabla giza halijafunga. Mengine yote pambo.

Jumatatu, 9 Juni

Subi katuma picha za meli. Nimezikuza kwa vidole mpaka zikawa ukungu.

Vyumba vizuri. Kitanda juu, kitanda chini, dirisha la duara kama sufuria. Vilivyobaki ni viwili tu. Kimoja upande wa milima, kingine upande wa maji matupu. Cha milima cha mzee, hilo halina mjadala. Tatizo ni korido. Korido nyembamba, na milango ya vyumba hivyo viwili inatazamana. Choo kimoja mwisho.

Hapa nyumbani Mama Subi akija anaingilia mlango wa jikoni. Mzee akitaka kupita anakohoa, Mama Subi anageukia ukuta na khanga kichwani. Tumeishi hivyo tangu Subi hajazaliwa. Meli haina mlango wa jikoni.

Binti wa tiketi kule bandarini kaniuliza kwenye simu, bibi, kwani hivyo vyumba vina ubaya gani? Nikamwambia vinatazamana. Akasema si ndiyo vizuri, mtakuwa karibu. Mtoto wa watu. Sikumlaumu.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumepanga kushuka. Meli inasimama bandari kadhaa, Subi anasema kila mtu achague atashuka wapi, afanye nini. Mimi nataka chungu cha Matema, kikubwa, cha maharage. Ambokile anataka samaki Lupingu. Mama Subi kasema Mbamba Bay atavua viatu akanyage mchanga, basi. Hajawahi kutaka kitu kwangu yule. Nimefurahi kumsikia anataka.

Nikamuuliza mzee, wewe utashukia wapi. Akasema, "Mimi nitashuka kwa macho."

Nikatoka nje nikachambua mchicha ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Jumapili, 15 Juni

Ambokile haji. Ana lori la mtu gereji, lazima alimalize. Nimemtukana, halafu nimemwombea.

Mama Subi naye akasema basi na yeye abaki. Nani atakuwa katikati yake na mzee? Nikamwambia nitakuwa mimi. Mimi mnene, natosha korido nzima. Akacheka, akakubali kuja. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kuandika. Shule sijakanyaga. Alipokuja kwangu kujifungua Subi, siku zile za uzazi, alinichorea herufi kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Haya ninayoandika yote ni mkono wake.

Jumatano, 18 Juni

Simu kutoka bandarini. Safari imesogezwa mbele, upepo mkali ziwani. Mpaka mwanzo wa Julai.

Mzee amesema sawa. Siyo sawa. Asubuhi alinisalimia nikiwa kushoto kwake, yeye kaelekea kulia, kwenye koti langu lililoning'inia msumarini. Nina hasira na upepo. Upuuzi, lakini ninayo.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda mjini dukani kwa Mama Zarina, mama wa Kihindi ninayenunua kwake vitambaa tangu nywele zetu sote wawili zikiwa nyeusi. Nimetaka cha pazia, kizito, kisichopitisha mwanga. Akauliza dirisha la ukubwa gani. Nikasema siyo la dirisha, ni la kumficha mkwe melini. Hakushangaa hata kidogo. Akasema bibi yake yeye alishusha ushungi mbele ya mkwe mpaka akazeeka nao. Akanikatia cha bluu, akaongeza kipande bure.

Nimekipinda kwa mkono. Nitakitundika mlangoni kwa Mama Subi. Mzee akikohoa, pazia linashuka. Nimejiona hodari sana.

Jumatatu, 30 Juni

Siku mbaya.

Mama Subi alifika jana na basi kutoka Iringa, tuanze wote. Leo alikuwa jikoni anamenya viazi. Mzee akaingia. Hakukohoa kwa sababu hakujua kuna mtu. Alikuwa anafuata ukuta kwa mkono, anataka maji. Mama Subi akajibana pale kwenye gunia la mkaa, akaziba pumzi. Mkono wa mzee ukaja ukatua begani kwake.

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nimeona yote, sikuwahi kusema neno.

Mzee alidhani gunia. Kisha gunia likatetemeka. Akaondoa mkono kama ameungua. Mama Subi alikimbilia migombani, akakaa huko mpaka jua linazama, bila sweta. Mzee hakula mchana. Usiku hakula.

Mama Subi anasema kesho anarudi Ipogolo. Anasema amemvunjia mzee heshima. Mzee anasema yeye ndiye amevunja. Kila mmoja ananiambia mimi, kama mimi ndiyo posta.

Jumanne, 1 Julai

Nimesema nilichokuwa nacho. Nilimkuta Mama Subi anafunga begi lake, nikakaa juu ya begi.

Nikamwambia baba mkwe wangu nilimwona uso siku moja tu. Alikuwa ndani ya jeneza. Nilikuwa nimempikia miaka mingi, nikamwona, nikasema moyoni, kumbe alikuwa na kidevu kama cha mume wangu. Nilichelewa kujua. Nikamwambia, "Sitaki ukutane na huyu hivyo. Heshima yako naijua, siidharau. Lakini ukiondoka leo, mimi siendi ziwani, naye haendi, na macho hayatungoji."

Akasema, "Mama, nyanyuka, unanivunjia sabuni."

Anakuja.

Jumatano, 2 Julai, melini

Tukuyu ukungu, migomba inatoka ndani yake mmoja mmoja. Kyela joto, tumevua masweta kama tunabadilisha nchi. Kwenye gari mzee mbele, mimi katikati, Mama Subi nyuma kabisa. Nimetoka jasho kwa kupanga watu.

Meli nyeupe. Nimepandishwa ngazi na wanaume wawili, wamecheka, nami nimecheka. Pazia nimelitundika. Binti wa tiketi alikuwepo, kalitazama, kaniuliza tena kwani kuna nini. Nikamwambia ukiolewa Kyela utajua. Akasema yeye ni mwenyeji wa Kyela, tena ameolewa, lakini wao waliachiwa mwiko huo. Baba mkwe mwenyewe alimwita akamwambia inatosha.

Nimeketi kitandani nawaza neno hilo. Inatosha. Sikujua linasemeka.

Sasa tunaondoka. Sakafu inapumua. Taa za bandari zinarudi nyuma polepole, sisi kama tumesimama. Ni kama ile ndoto. Kuku tu hawapo.

Alhamisi, 3 Julai, melini

Naandika nimelala.

Nimeumwa. Ziwa limenigeuza tumbo tangu alfajiri. Niko kitandani na ndoo. Mimi niliyesema nitajaza korido nzima, siwezi kujaza hata shuka.

Kulipopambazuka mzee akaketi dirishani. Akatazama muda mrefu. Akaniambia anaona weusi na anaona weupe. Weusi ni mlima, weupe ni maji. Zaidi ya hapo, hakuna. Alisema bila kulalamika. Mimi ndiye niliyelia, nikitapika. Tumechelewa. Ule upepo.

Nikajaribu kunyanyuka nimwambie kilichopo nje, sikuweza. Akachukua fimbo, akafungua mlango. Akakohoa. Ng'ambo nikasikia pazia linashuka. Akasimama hapo. Hakupita.

Akasema, "Ugonile, mwanangu."

Ni salamu tu ya asubuhi, kumuuliza mtu ameamkaje. Hajawahi kumwambia. Nikasikiliza. Injini tu. Nikasahau tumbo.

Akasema tena, "Mama Subi, mimi sioni. Imetosha sasa. Kuna mto unaanguka kutoka mlimani, karibu na kwetu. Nenda uniangalizie kama bado upo."

Kisha sauti ndogo, kama ya msichana, ikatoka nyuma ya pazia. "Ndaga, tata." Asante, baba.

Walipanda juu. Mama Subi mbele, mzee nyuma, ameshika ncha ya khanga yake. Wamekaa kwenye benchi juu ya dirisha langu, sauti zinaniangukia. Mwanzo Mama Subi alikuwa anasema neno moja moja, sauti ya mtu aliyempa mzee mgongo. Mtumbwi. Moshi. Wanawake wanafua. Mzee anauliza, wanafulia kwenye jiwe bapa? Ndiyo, bapa. Hilo ni letu. Mto? Upo. Mwembamba, mweupe, unaangukia nyuma ya mti mkubwa. Una matawi yameelekea ziwani? Yameelekea. Mzee akacheka. Akasema mti huo alianguka kutoka juu yake akavunjika jino, na Mama Subi akacheka pia, mkono mdomoni, najua bila kuona.

Baadaye nilijikokota mpaka kwenye ngazi. Hakuwa amempa mgongo tena. Pazia la Mama Zarina alikuwa amelitandaza kwenye magoti ya mzee, upepo usimpige.

Sikupanda. Nikarudi kwenye ndoo yangu.

Jumanne, 8 Julai

Nyumbani. Baridi ileile. Ninapofunga macho, kitanda bado kinaelea.

Chungu sikununua. Mama Subi alikanyaga mchanga wa Mbamba Bay, nilimwona kutoka melini, viatu mkononi, anatembea tu. Amerudi Ipogolo juzi.

Leo nimezoa majivu, nimekoroga uji. Dawa ya macho nimemtia, ingawa tunajua. Amekaa mlangoni penye jua, kitambaa cha bluu magotini, hataki nikifue.

Simu ikalia. Akaiwahi yeye. Nikasimama na mwiko, nasikiliza.

Haikukatika.