Ukuta Nilioupandisha Hadi Kwenye Bati

Jumapili, 9 Februari
Nimefungua duka, nimefunga duka. Nimeuza misumari na mabati kumi na mawili. Wateja wote wamenichosha kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa Raya.

Siku ya nne tangu arudishwe kwao Gando. Ndoa yetu ina siku thelathini na moja.

Hatukugombana. Niliandike hilo wazi. Joto ndilo lililomtoa. Kwanza vipele vya shingo na mgongo, halafu Jumatano akaanguka akipiga deki chumbani. Mama yake alikuja siku ile ile, akamchukua. Alisema kwa upole kabisa kwamba atamrudisha chumba kikikalika.

Nampenda mpaka nacheka peke yangu barabarani.

Jumatatu, 10 Februari
Adhuhuri nimepanda juu na ndoo tatu za maji, nikalimwagia bati. Likafuka kama sufuria. Kwa robo saa palipoa, kisha chumba kikawa mvuke mtupu. Upumbavu.

Raya amepiga simu. Mama yake alikuwa karibu, basi tumezungumza bei ya changu kwa dakika kumi. Sijawahi kusikia bei ya samaki ikitajwa kwa utamu namna ile.

Jumatano, 12 Februari
Nimechoma udi wake. Chetezo alikiacha dirishani. Nilitaka harufu ya nguo zake tu, basi. Moshi ukapanda, ukafika chini ya bati, ukakaa. Haukuwa na pa kutokea. Nilijilaza mkekani nikiutazama mpaka kaa likafa.

Fizikia ya kidato cha pili: hewa ya moto hupanda. Jua linapiga bati, bati linatushushia. Matofali yanalimeza joto mchana kutwa na kuturudishia baada ya magharibi. Zamani joto lile lilipita juu ya ukuta wa kati, likaingia chumba cha mama yangu, likatokea upande wa pili. Sasa halipiti.

Ni mimi niliyeziba. Niandike, maana kusema siwezi.

Nyumba yetu haina dari, na ukuta baina ya chumba changu na cha mama haukuwa ukifika juu. Kikohozi chake nilikisikia kana kwamba tumelala mto mmoja. Wiki moja kabla ya harusi nikaingiwa na haya. Nikapandisha mistari mitatu ya matofali hadi kwenye bati. Nikaziba na matundu ya hewa juu ya dirisha, kwa kuwa uani kwa jirani ni hatua mbili. Mama nilimwambia nazuia popo.

Siku ya kwanza Raya alicheka mle ndani, kicheko chake chote, hakukizuia kwa kanga. Nikibomoa, kicheko kile sikipati tena. Nisipobomoa, mwenyewe harudi.

Ijumaa, 14 Februari
Nimepaka bati chokaa. Nafuu kidogo sana. Baada ya swala nilishika nyundo mara mbili, mara mbili nikaiweka chini.

Mfungo umebaki wiki mbili. Mama mkwe ametuma salamu: ikiwa chumba bado, Raya atafungia hukohuko Gando. Futari ya kwanza ya ndoa yangu, na mke wangu ale upande wa pili wa kisiwa. Nimekosa hamu ya kula. Nimevaa shati alilolipiga pasi yeye. Sitalifua.

Jumapili, 16 Februari
Leo amekuja mkwe. Mzee Hamad, baba yake Raya, fundi mwashi tangu mimi sijazaliwa. Chai hakuigusa. Aliingia chumbani, akaweka kiganja ukutani, akatazama juu muda mrefu. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani kaziba huku?"

"Mie, baba."

"Unazuia nini?"

"Popo."

"Popo gani huyo anayetokea chumbani kwa mamako?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Mama aligeuka akaenda jikoni. Mzee alikohoa, akakunja mikono ya kanzu, akaomba nyundo. Tumebomoa pamoja. Tofali la tatu lilipotoka upepo ulinigusa uso, nikataka kulia mbele yake.

Mlangoni akasema, "Jumanne njoo umchukue nkeo." Hakunitazama. Namshukuru kwa hilo.

Jumatatu, 17 Februari
Nimerudi kutoka dukani nikakuta mama amehama. Godoro lake, msahafu wake, kopo lake la tambuu, vyote amevipeleka katika kijistoo kilichopakana na jiko. Anasema mifupa yake inataka joto. Mifupa ya mama naijua. Haina neno.

Sikumzuia. Nimefurahi. Ni aibu, lakini nimefurahi.

Jumanne, 18 Februari
Nimemleta. Njiani kutoka Gando sikuondoa macho kwake. Vipele vimekauka. Amependeza hadi nimesahau kumlipa dereva, nikaitwa nirudi.

Alipofika aliuliza kwa nini chumba cha mama kitupu. Nikamweleza. Akaingia kijistooni, akaweka kiganja ukutani. Upande wa pili ndipo yalipo mafiga, na wali ulikuwa jikoni. Aliondoa mkono haraka. Akavua buibui, akajitwika godoro.

Mama alimwita mkaidi, akamwambia arudishe kitu cha watu.

"Ukilala huku, mama, na mie nalala huku," Raya akasema. "Huyo mwanao abaki na popo wake."

Mama alicheka mpaka akakaa. Kisha akashika ncha ya pili ya godoro. Mimi nilibeba kopo la tambuu nyuma yao.

Jumatano, 19 Februari
Alasiri. Nimewahi kufunga duka. Bati linaalika juu yetu, lakini chini hapa kuna upepo mwembamba unaopita. Mama upande wa pili anasoma nyiradi zake, kila herufi naisikia. Raya amelala ubavu mkekani, mkono wake juu ya goti langu. Mkavu, wa baridi kidogo.

Nina maneno mengi ya kumwambia. Nimemwandikia kwa kidole katika kiganja chake, polepole, herufi moja moja. Hakufumbua macho. Amefumba mkono.