Goti la Mama

Neiafu, Vava'u

Mama Mdogo Seini,

Natumaini baridi ya Auckland inakuhurumia. Nguruwe wetu amezaa watoto saba.

Mwaka mzima Mama amekula amesimama, maana akiketi neva ya nyonga inamchoma. Lakini muuguzi wetu ni Mjomba Viliami, na kwa mila yetu kaka hatajiwi na dada yake maungo ya huko, basi Mama alimwambia ni goti. Likachuliwa mpaka likang'aa. Mimi nilijua, nikaona haya kusema.

Juzi alikuja daktari mgeni. Mjomba akasema, "Dada, goti hilo ni zima kuliko langu. Natoka nje, nitaimba nisisikie."

Aliimba nyimbo tatu. Mama akasema yote, akachomwa sindano ya neva, akafundishwa kulegeza misuli.

Jumapili aliketi ibada nzima, kisha akalalamika kwamba mahubiri yalikuwa mafupi.

Mwanao,
Losaline