Macho ya Ng'ombe wa Pangoni

Jumapili, 30 Novemba

Eliza kaweka jongoo juu ya daftari hili sasa hivi. Jongoo kajiviringisha, Eliza kacheka mpaka kakaa chini. Nimemtoa kwa jani. Kaacha unyevu kwenye karatasi, kalamu inateleza.

Majilio yameanza. Kanisani akina mama tumeambiwa tuwaonyeshe watoto kazi za Mungu, kila Jumapili kiumbe kimoja, mpaka Krismasi. Nimefurahi kweli. Niliishia darasa la saba lakini kutazama najua. Tutatengeneza pango letu wenyewe la kuzaliwa Yesu kwenye boksi la sabuni.

Mume wangu Yona karudi na bodaboda yake, kachoka, utani haumwishi. "Mama Eliza, mwaka huu Yesu atazaliwa na majongoo?"

Jumapili, 7 Desemba

Tumewatazama ndege, kwera, wanavyosuka viota. Dume anasuka, jike anakuja kukagua. Akikataa, dume anabomoa anaanza upya. Nimemsimulia Yona. Kasema ndiyo maana yeye hamalizi kujenga choo.

Mvua hakuna. Mahindi yamejikunja. Handeni bado sijaizoea. Kwetu Bungu, milimani, saa hizi ukungu umekaa mpaka mlangoni.

Jumapili, 14 Desemba

Leo udongo. Tumechimba kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, tumekanda, tumefinyanga ng'ombe. Wa Eliza ana miguu mitano. Kasema mmoja wa akiba.

Wamekosa macho. Kwenye kichaka cha uzio kuna mti mwembamba unaotambaa, maganda yake yamekauka na kupasuka. Ndani mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinang'aa kama zimepakwa rangi. Bungu sijawahi kuziona. Tumezibandika zikiwa macho. Wamependeza ajabu, wanakutazama. Nimuulize Mama Hadija, jirani, mti ule unaitwaje. Yeye ni mtu wa hapa.

Kila asubuhi Eliza anawanyunyizia maji ng'ombe wasipasuke.

Jumapili, 21 Desemba

Nyota. Tumetandika mkeka uani kabla ya kulala. Eliza kauliza ipi ya Yesu. Sikujua, nikamwonyesha iliyo kubwa.

Mama Hadija sijamuuliza. Kila tukionana yanatoka mengine.

Jumatano, 24 Desemba

Pango limekamilika. Majani makavu, mtoto wa udongo, ng'ombe.

Nikamsimulia Eliza Krismasi zetu za Bungu. Tulikuwa tunalipamba pango la kanisani kwa plamu na forosadi, matunda mekundu matupu. Misa ikiisha tu, watoto tunayagombania, tunakula yote, na wakubwa wanacheka. Tulisema ni zawadi ya Mtoto Yesu. Kasikiliza mdomo wazi. Karudia kuuliza: mpaka misa iishe?

Alhamisi, 25 Desemba

Misa nzuri. Gauni jipya. Pilau, kuku mmoja. Mama Hadija kaja na wanawe, tumekula pamoja. Nina furaha leo.

Ijumaa, 26 Desemba

Eliza katapika tangu alfajiri. Nilidhani pilau. Yona kasema mafuta yalizidi. Nikampa maji ya chumvi na sukari, yakarudi. Mchana choo kikatoka na damu.

Mama Hadija kaja kumwona. Akainama kwenye boksi. "Mama Eliza, hawa ng'ombe mlikuwa mmewatia macho ya nini?" Nikamwambia. Akashika kichwa. "Turituri! Mwenzangu, hiyo inaua mbuzi!"

Nikatazama. Ng'ombe wote hawana macho. Vishimo tu.

Nikamuuliza Eliza. Kasema misa iliisha.

Jumamosi, 27 Desemba

Hospitali ya Handeni wametuandikia rufaa kuja Korogwe. Tumeletwa kwa gari. Njia nzima nimempakata na nimeshika mbegu moja niliyochuma kichakani, ndani ya karatasi, Mama Hadija ndiye aliyesema twende nayo daktari aione.

Daktari kaiona. Hana dawa ya kuitoa sumu hiyo. Ni maji ya mshipani na kungoja. Kasema mtoto akimeza nzima, inapita, ganda lake gumu. Akitafuna ndiyo balaa. Kauliza zilikuwa kavu? Nikasema zilikaa kwenye udongo wenye maji. Akaandika.

Tulikuwa tunazilainisha. Kila asubuhi, mimi nikisema Eliza usisahau ng'ombe.

Jumapili, 28 Desemba

Haongei. Macho nusu wazi. Midomo imepasuka.

Leo kanisani wanasoma habari ya watoto waliouawa Bethlehemu. Mama wa kitanda cha jirani kaniuliza kama nitateremka kusali. Nimesema hapana. Sitaki kuisikia.

Yona kafika mchana. Kasimama upande wa pili wa kitanda. "Hiyo shule yako," kasema. Basi. Angenipiga ningeona nafuu.

Namchukia aliyetuambia tutazame viumbe. Halafu najua hakusema tuviweke mdomoni. Ni mimi niliyesema tulikula.

Jumatatu, 29 Desemba

Kutapika kumekata. Nikashukuru mapema mno. Daktari kasema sasa anaogopa figo. Maji yanaingia, hayatoki. Wamemfunga nepi, nesi anaikagua kila mara. Kavu. Uso umevimba, vidole vimevimba. Mkojo ukija, tutakuwa na mtoto. Hivyo ndivyo alivyosema, si kwa ubaya.

Sijawahi kumwomba Mungu kitu kama hiki. Sijui hata kinaombwaje. Nimeomba mkojo, hivyo hivyo kwa jina lake.

Yona kalala kwenye benchi nje. Nimempelekea chai. Kaipokea.

Jumanne, 30 Desemba

Asubuhi nepi kavu.

Mama Hadija kapiga simu. Kaenda kuung'oa ule mti wa kwenye uzio, na mizizi yake, kauchoma. Kasema wanawe wamemwombea Eliza msikitini. Nikalia kwenye simu, yeye akawa anasema haya, haya, usimlilie mtoto aliye hai.

Mchana umetulia. Yona kaja ndani, kakaa upande wangu wa kitanda. Kashika mguu wa Eliza, mimi nimeshika kalamu kwa kuwa nikiiacha nitapiga kelele. Uvimbe wa macho naona kama umepungua, au natamani tu. Alikunywa vijiko vitatu vya uji. Akafumba macho.

Nesi kapita, kaitazama nepi, katikisa kichwa, kaenda.

Yona kasema taratibu, tukirudi atamaliza kile choo. Mimi nilikuwa nawaza jinsi ya kumweleza mama yangu kule Bungu, maana hajaambiwa lolote, na akisikia kwamba ilianzia kwenye plamu za pango ata

Ananiita. Eliza. Sauti kama ya kifaranga, anasema mama mkojo, mama unanibana, Yona kashainuka anamwita nesi, ngoja nimshi